Kwa nini filamu za kutisha za miaka ya 70, zilizotengenezwa kwa hela ya mboga, bado zinatunyima usingizi?

#1 Zamu_ya_Usiku
Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mlinzi kwenye yadi ya magari, na kampani yangu usiku ni simu na mbwa mmoja mvivu. Wiki iliyopita niliangalia filamu mbili za kutisha kwa mpigo. Ya kwanza ya juzijuzi, picha imenyooka, jini lake la kompyuta unaliona mpaka ute wa mdomoni. Nikaimaliza, nikachemsha chai. Ya pili The Texas Chain Saw Massacre ya 1974. Hiyo nilifika dakika ya arobaini hivi nikaizima, nikawasha taa zote za yadi mpaka ya choo cha nje. Asubuhi bosi anauliza luku imekwenda wapi.

Kilichonimaliza ni pale yule kijana anapoingia kwenye nyumba ya watu akiita "hodi" yao ya kizungu. Anajikwaa, jitu linatokea, nyundo moja, anaburutwa ndani, mlango wa chuma unafungwa pwaa! Basi. Hakuna maneno, hakuna maelezo.

Bajeti yake inatajwa kati ya dola 80,000 na 140,000. Waigizaji hata mmoja simjui. Ukihesabu damu yenyewe ni kidogo kuliko ya buchani kwetu. Hoja yangu ni kwamba ufukara wa watengenezaji ndio uliozaa ile hofu. Mwenye kupinga aje na sababu, asije na matusi.

#2 Chenso_Mafinga
Hiyo chenso, msumeno wa mnyororo, ndiyo inayolisha wanangu, kwa hiyo naomba kuanza.

Msikilizeni yule jamaa usiku akimfukuza binti vichakani. Sauti inapanda, inashuka, inapanda. Maana yake anabana mafuta na kuachia huku anakimbia. Sisi porini ukihama mti mmoja kwenda mwingine unafunga breki ya mnyororo au unazima kabisa, maana ukijikwaa umekwisha. Siku ya kwanza kazini mzee aliyenifundisha alinionyesha kovu lake la paja kabla hajanionyesha pa kuwashia. Kwa hiyo mimi nikiangalia ile filamu simwogopei binti. Namwogopea jamaa mwenyewe! Na kweli mwishoni anaanguka inamkata mguu.

Filamu za siku hizi sauti ya chenso ni ile ya kubandika, haipandi wala haishuki, kama jenereta la harusini.

#3 Binti_Makorora
Mimi kinachonitisha ni kwamba ni kisa cha kweli. Si wanaandika mwanzoni kabisa? Huyo mtu alikuwepo Texas, aliua vijana watano.

#4 Maktaba_Kuu
Namba 3, walikupata dada, na hukupatikana peke yako. Yale maandishi ya mwanzo ni chambo. Mtu wa kweli aliyewapa wazo ni Ed Gein, na alikuwa Wisconsin, mbali kabisa na Texas. Alikamatwa 1957. Alikiri kuua wanawake wawili, na makaburi alikuwa anafukua, na ngozi za maiti alikuwa akitengenezea vinyago. Vijana watano hakuna. Chenso hakuna.

#5 Binti_Makorora
Kwa hiyo umenituliza kwa kuniambia alikuwa anafukua makaburi. Ahsante sana kaka.

#6 Jogoo_la_Shamba
Mnaongelea chenso wakati The Exorcist ipo? Hiyo ndiyo filamu ya bei poa iliyotikisa dunia. 1973. Kitanda, chumba, mtoto, padri. Ungeitengeneza kwa mshahara wa mwezi.

#7 Maktaba_Kuu
Mkuu, mshahara wako tuugawane basi. The Exorcist ilikuwa ya Warner Bros. na ilikula zaidi ya dola milioni 10. Kile chumba kilipozwa kwa mitambo mpaka chini ya nyuzi sifuri ili pumzi za waigizaji zionekane kama moshi. Hiyo utaiita bei poa?

#8 Jogoo_la_Shamba
Nimekaa kimya.

#9 Kamera_ya_Harusi
Nachangia kwa upande wa ufundi, napiga video za harusi na vipaimara mwaka wa kumi na saba huu.

Ile ya Texas ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, ambayo ndiyo ilikuwa ikitumika kwenye makala za habari na matukio. Halafu ikakuzwa kuwa milimita 35 ili ionyeshwe kwenye majumba ya sinema. Ukikuza hivyo, chembechembe za picha nazo zinakua. Ndiyo maana inaonekana kama ina vumbi, kama mtu aliikuta kwenye begi la marehemu. Jicho lako halisemi "naangalia sinema", linasema "naangalia ushahidi".

Wateja wangu nikiwapa picha safi mno wananisifu, lakini wanaolia ni wale ninaowarudishia mikanda ya zamani ya bibi na babu, imepauka, inarukaruka. Ubovu wa picha una namna yake ya kumwambia mtu kwamba jambo hili lilitokea.

Kwa hiyo namba 1, ufukara ndiyo, lakini ufukara wa kamera, si wa kila kitu.

#10 Mtoto_wa_Eastlando
Wadau, mnakwepa siasa. Marekani ya wakati huo ilikuwa imevurugika. Vita vya Vietnam, kashfa ya Watergate, Waarabu wamefunga bomba la mafuta. Angalieni vizuri: wale vijana wanafika kituo cha mafuta wanaambiwa tanki halina kitu. Ndiyo sababu wanaenda ile nyumba, wakidhani watapata petroli. Filamu nzima ni ya uhaba wa mafuta! Ile familia nayo ni ya machinjioni, kazi imeishia kwa mashine. Tobe Hooper, mwongozaji wake, aliwaonyesha Wamarekani mlo wa jioni wa familia yao wenyewe.

#11 Maktaba_Kuu
Umechambua vizuri ila kalenda inakukataa. Walipiga picha Julai na Agosti 1973. Waarabu walifunga mafuta Oktoba 1973. Hooper hakuwa mganga wa nyota.

#12 Mtoto_wa_Eastlando
Sawa buda, lakini foleni za petroli Marekani zilishaanza kuonekana kabla ya hapo. Na filamu ilitoka Oktoba 1974. Aliyeiona foleni kashazipanga. Mtengenezaji si lazima ajue alichokitabiri.

#13 Maktaba_Kuu
Hapo kwenye mtazamaji nakupa nusu.

#14 Sharifa_wa_Wete
Assalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya mpaka nimeshindwa.

Mmeizungumza ya Texas, hamjaigusa Halloween ya 1978. Bajeti kama dola 300,000, ikapigwa kwa wiki chache, ikaingiza kama milioni 70 duniani. Ile barakoa nyeupe ya muuaji ilikuwa sura ya William Shatner, yule nahodha wa chombo cha angani, ikanunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili. Wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Majani makavu ya barabarani yalikuwa ya kupakwa rangi, maana California majira ya kuchipua hayana majani makavu. Wakimaliza kupiga wanayaokota, wanayatia kwenye mifuko, wanakwenda kuyamwaga mtaa mwingine.

Sasa nikatazama nani katoa pesa. Moustapha Akkad! Nikarudia kusoma mara tatu. Huyu ni yule Msyria wa Aleppo aliyeongoza The Message mwaka 1976, ile filamu ya mwanzo wa Uislamu ambayo kwetu Pemba mwezi wa Ramadhani kanda yake ilikuwa inatembea nyumba kwa nyumba, Anthony Quinn akiwa Hamza. Babu yangu alikuwa hakubali mtu ainuke kabla haijesha. Na mkono huohuo ndio uliomlipa muuaji wa barakoa.

#15 Maktaba_Kuu
Sahihi kabisa bi Sharifa. Na alifariki 2005 kwenye milipuko ya hotelini Amman, yeye na binti yake. Allah awarehemu.

#16 Zamu_ya_Usiku
Nimeinuka kwenye kiti. Kumbe!

#17 Kamera_ya_Harusi
Bi Sharifa, hebu fikiria na hili. Kwenye The Message Mtume haonyeshwi kabisa, heshima yake. Kamera inasimama pale ambapo macho yake yangekuwa, watu wanaongea wakiitazama kamera. Miaka miwili baadaye Halloween inaanza kwa kamera kuwa macho ya muuaji: dakika kadhaa tunazunguka nyumba, tunapanda ngazi, hatujui tuko ndani ya nani, mpaka barakoa inavuliwa tunaona ni mtoto. Sisemi…

#18 Sharifa_wa_Wete
Hapo hapo simama mwanangu. Usiendelee.

#19 Kamera_ya_Harusi
Nasema ufundi tu wa kutoonyesha, mama. Na aliyeongoza ya pili ni Carpenter, si Akkad. Nimesimama.

#20 Sharifa_wa_Wete
La kutoonyesha nakubali, tena nina ushahidi wake. Mwaka 1995 kisiwani kwetu lilipovuma la popobawa, lile pepo la usiku, tulilala nje, mabarazani, wakubwa kwa wadogo, moto unawaka. Mimi nilikuwa mdogo. Kila mtu anaye aliyemjua aliyemwona. Mwenye kumwona mwenyewe sijapatapo kukutana naye. Lau angalikuwa na sura, tungalizoea kwa siku tatu tukarudi ndani.

#21 Mzee_wa_Avalon
Vijana, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hakuna aliyenipa.

Nimekulia Dar ya majumba ya sinema. Hizo za Texas mnazosema sisi hatukuzitia machoni. Chakula chetu kilikuwa za Kihindi, za kareti, na za wachunga ng'ombe. Lakini kama mnataka bei poa ya kweli, nendeni kwa akina Ramsay wa Bombay.

Baba yao alikuwa na duka la redio Karachi, nchi ilipogawanyika wakahamia Bombay. Ana watoto wa kiume saba. Akajaribu kutengeneza filamu, moja ya 1970 ikaanguka. Wanawe wakaenda kukaa ukumbini, wakagundua kitu: watu wanaipenda sehemu moja tu, pale Prithviraj Kapoor anapovaa kinyago cha shetani kwenda kuiba. Wakarudi kwa baba: tutengeneze filamu nzima iwe ile sehemu.

Mwaka 1972 ikatoka Do Gaz Zameen Ke Neeche. Walichukua familia nzima wakaenda kukaa nyumba ya wageni Mahabaleshwar, kule milimani, kama siku arobaini. Huyu ndugu kashika kamera, yule sauti, wawili wanaongoza, mwingine kaandika, mama anapika. Hakuna wa kulipwa posho. Sasa namba 1, huo ufukara ulizaa pia mapepo ya kuchekesha. Baadhi yalikuwa ni mtu kajipaka uji usoni. Tulicheka na tukaogopa siku moja, tikiti ileile.

#22 Chenso_Mafinga
Shikamoo mzee. "Tikiti ileile" nimeipenda.

#23 Mzee_wa_Avalon
Marahaba. Umechelewa lakini umefika.

#24 Mpinzani_Mkuu
Naomba nimwage maji. Nyote mnadanganywa na kumbukumbu. Miaka ya 70 zilitengenezwa filamu za kutisha lukuki za bei poa, na nyingi ni takataka. Mtu kavaa ngozi ya mbuzi anavuta miguu kwa dakika tisini. Zimeoza, zimesahauliwa. Zimebaki kumi nzuri, mnazichukua mnazilinganisha na elfu moja za leo ambazo bado hazijachujwa. Ni kama mzee anayesema muziki wa zamani ulikuwa mzuri kwa sababu redio inapiga ule uliosalia tu. Umaskini hauna kipaji. Tobe Hooper alikuwa na kipaji, basi.

#25 Zamu_ya_Usiku
Hii hoja imenikaa vibaya kwa sababu ina ukweli. Lakini haijibu ya kwangu. Mimi sikulinganisha elfu na kumi, nililinganisha mbili, na moja ndiyo iliyonikosesha kunywa chai.

#26 Mpinzani_Mkuu
Na ulijuaje hiyo moja? Mtu alikuambia ni nzuri. Miaka hamsini watu wanaambiana. Uingereza waliizuia mpaka 1999, tangazo gani kubwa zaidi ya hilo? Ulikaa kwenye kiti umeshaogopa.

#27 Kisa_na_Mkasa
Mimi nilikuwa msaidizi wa vifaa kwenye filamu moja ya kutisha ya hapa nyumbani, miaka ya CD. Jina silitaji, na mwongozaji bado ananidai viatu.

Damu tuliitengeneza jikoni: sukari guru iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, na kahawa kidogo isiwe nyekundu ya pipi. Ilitoka safi sana. Maiti wetu tulimlaza chini ya mwembe, tukampaka shingoni na kifuani. Mwongozaji akawa hataki kuanza, anasubiri jua lishuke. Robo saa. Kumbe sisimizi nao wameona sukari. Wametoka kwenye shina la mwembe mstari mmoja, wamepanda bega, wanaingia kwenye kola. Maiti anavumilia, macho yamefumba, lakini kope zinacheza na kidevu kinatetemeka. Mpiga picha akadhani anaigiza mtu anayekata roho, akasogea karibu. Jamaa alivumilia mpaka wakaingia sikioni, akaruka na ukelele ambao sijausikia tena.

Ile picha ya kidevu waliiacha. Ndiyo pekee iliyotisha kwenye filamu nzima.

Kwa hiyo namba 24, kipaji sawa. Lakini hata kule Texas ilikuwa hivyohivyo. Ule mlo wa jioni walipiga kwa zaidi ya saa 26 mfululizo, madirisha yamezibwa ionekane usiku, joto la Agosti, mifupa na nyama za kweli zinaoza mezani. Gunnar Hansen, aliyeigiza lile jitu, alikuwa na nguo seti moja tu, haifuliwi, wenzake wakala mbali naye. Na pale wanapomkata binti kidole, kile kifaa cha kutoa damu ya bandia kiligoma, Hansen akaamua kumkata kweli. Huo uso wa Marilyn Burns, aliyeigiza binti, si kipaji cha mtu. Ni uchovu.

#28 Binti_Makorora
Alimkata kweli?? Na mnaiita sanaa.

#29 Kisa_na_Mkasa
Mimi siitetei dada. Nasema ndicho unachokiona.

#30 Binti_Makorora
Basi namba 1 upate jibu lako: unaogopa kwa sababu unaangalia watu wanaoteswa na mwajiri. Na nasikia hela iliyoingia waliambulia kiduchu.

#31 Maktaba_Kuu
Ni kweli, malipo yao yalikuwa ya kusikitisha, na msambazaji alikuwa na mikono ya mafia. Ila damu kuwa kidogo haikuwa ufukara, namba 1. Hooper alitumaini ipitishwe hata watoto waingie na wazazi, akabana damu makusudi. Bodi ikampa daraja la wakubwa vilevile.

#32 Ngoma_Tano
Hakuna aliyegusa muziki wa Halloween? Carpenter aliutunga na kuupiga mwenyewe kwa siku chache, hela ya kumlipa mtu haikuwepo. Ule mpigo ni wa tano. Baba yake alikuwa mwanamuziki, alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo. Jaribuni mezani hapo, kila pigo ukiligawa mara mbili: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Mguu wako unataka kutua, wimbo umeshaondoka. Unabaki na mguu mmoja hewani muda wote. Mwenyewe alisimulia kwamba kabla hajaweka muziki alimwonyesha mkubwa mmoja wa studio, akaambiwa haitishi hata kidogo.

#33 Zamu_ya_Usiku
Nimegonga mezani. Mbwa kaamka.

#34 Mtoto_wa_Eastlando
Mimi shida yangu filamu zote za utotoni nilizionea kibandani DJ Afro akisimulia. Zombi anatoka kaburini, DJ Afro anampa jina la jirani yetu. Hadi leo nikiona zombi nangoja mzaha. Night of the Living Dead nayo ni ya sabini? Hiyo nilicheka mwanzo mwisho.

#35 Maktaba_Kuu
Ni ya 1968, mwongozaji Romero, Pittsburgh, dola 114,000 hivi. Damu yake ni sharubati ya chokoleti, picha nyeusi na nyeupe haikuumbui. Na iko bure kila mahali kwa sababu msambazaji alibadilisha jina la filamu akasahau kurudisha alama ya hakimiliki.

#36 Mtoto_wa_Eastlando
Sasa huyo karani aliyesahau alama ndiye filamu ya kutisha.

#37 Sharifa_wa_Wete
Mwisho wake wewe ulichekea nini? Duane Jones, mtu mweusi, kapambana usiku kucha kawazuia mapepo, asubuhi wanakuja waokozi weupe na bunduki wanampiga risasi kwa mbali wakidhani ni zombi, wanamvuta kwa kulabu, wanamchoma moto. Mwaka uleule kauawa Martin Luther King. DJ Afro alisimuliaje hapo?

#38 Mtoto_wa_Eastlando
…hapo alinyamaza, mama. Nimekumbuka. Alinyamaza kabisa, tukasikia jenereta tu.

#39 Maktaba_Kuu
Duane Jones mtafuteni pia kwenye Ganja & Hess ya 1973. Wenye fedha walimtaka mwongozaji Bill Gunn awatengenezee Dracula mweusi wa haraka, kwa vile Blacula ilishauza mwaka uliotangulia. Akawaletea filamu ya ndoto, kanisa na kiu ya damu, ambayo hata ukiirudia mara mbili hujaimaliza. Tamasha la filamu la Cannes waliionyesha, waliporudi nyumbani wenye fedha wakaikatakata na kuibadilisha jina. Kwa hiyo bajeti ndogo haikumpa Gunn uhuru, ilimpa mwanya tu, nao ukazibwa.

#40 Mpinzani_Mkuu
Naona mnaongeza mifano mkidhani ndiyo hoja. Sasa tuna kamera mbovu, mafuta, sisimizi, ngoma ya tano, mafia na karani. Ipi?

#41 Mzee_wa_Avalon
Mama aliyekuwa anapika Mahabaleshwar umemsahau.

#42 Zamu_ya_Usiku
Mrejesho. Jana nilirudi nikaimalizia ile ya Texas. Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri niliianzia pale nilipoishia, ili ikiisha pawe panapambazuka. Kumbe nayo inaishia alfajiri. Binti karukia nyuma ya pikapu, kalowa damu, anacheka, na sijui kama ni kucheka au kulia. Gari linaondoka. Yule jitu kabaki katikati ya barabara anazungusha chenso kulielekea jua. Halafu ikakatika ghafla, skrini nyeusi. Nikainua macho, jua lilelile liko juu ya ukuta wa yadi, mbwa ananitazama.

Dakika kumi nzima sikufungua geti.

#43 Chenso_Mafinga
Kuzungusha vile ikiwa inawaka, na mguu tayari umekatwa! Huyo kwetu angefukuzwa saa ileile.

#44 Binti_Makorora
Na luku je?

#45 Zamu_ya_Usiku
Elfu kumi. Imekatwa kwenye mshahara.